Fundi Simu na Faili Rasmi

Ndugu msomaji, historia ya simu za mkononi nchini kwetu huandikwa kwa majina ya makampuni. Utaambiwa kwamba Mobitel ilianza mwaka 1994, Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Utaambiwa kwamba Celtel ikageuka Zain mwaka 2008, na Zain ikageuka Airtel mwaka 2010. Kwamba Mobitel iliishia kuwa Tigo, na Tigo nayo mwaka 2024 ikabatizwa Yas. Ukuta unapakwa rangi mpya, mabango yanabadilishwa, basi, historia imekwisha. Lakini hebu tujiulize wenzangu: simu yenyewe ilipougua, nani aliitibu? Hapo maandishi yananyamaza. Ukitaka jibu inabidi ufike Mukendo pale Musoma, au stendi ya Bunda, au kwenye kibanda cha Butiama kinachouza vocha mbele na kuchaji simu nyuma, umtazame jamaa aliyeinamia meza yenye bisibisi ndogo ndogo na kompyuta ya mitumba.

Katika magonjwa yote nataka kusimulia moja tu. Simu inawaka, inaonyesha nembo ya kampuni yake, halafu inaganda pale pale. Ukiizima na kuiwasha, nembo tena. Betri haina kosa, kioo hakina kosa. Kilichoharibika ni programu kuu iliyowekwa kiwandani, ile inayoiambia simu kwamba yenyewe ni simu. Dawa ni kuifuta na kuipandikiza upya ile ile ya kiwandani.

Huku kwetu kazi hiyo inaitwa kuflashi. Mkenya akilisikia neno hilo atadhani unasema habari ya kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa, jambo ambalo sisi tunaliita kubipu. Kwa fundi wa Musoma kuflashi ni kazi ya kulipwa. Na ile programu ya kiwandani haina jina moja: huyu anaiita romu, yule anaiita stoku, wa tatu anasema faili tu na wote wanaelewana. Wataalamu waliowahi kubishana kama kompyuta iitwe ngamizi au tarakilishi hawajafika kwenye meza hii. Mimi nitasema faili rasmi, kwa sababu neno hilo "rasmi" ndilo lenye kesi.

Kila faili rasmi lina toleo lake, kama vile kitabu. Na sisi tunaopenda vitabu tunajua matoleo ni kitu gani. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963. Baadaye akairudia na kuisahihisha, na toleo jipya likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Aliyekuwa na kile cha 1963 hakunyang'anywa. Kama panya na mchwa wamekihurumia, anaweza kukifungua hata leo na kukisoma mwanzo mpaka mwisho. Jambo hilo lishike, ndugu yangu, tutalirudia.

Kabla ya Android, kuflashi kulikuwa kwa wachache. Simu za Nokia zilihitaji sanduku maalumu la kuunganisha simu na kompyuta, masanduku yenye majina kama UFS na JAF, pamoja na furushi la nyaya, karibu kila aina ya simu na waya wake. Fundi mwenye sanduku alikuwa mtu mkubwa mjini. Sitakaa sana hapo, kwani zama hizo zilipita upesi.

Google walitangaza Android mwezi Novemba 1997? La hasha, ni Novemba 2007, ingawa kwa kasi ya mambo yalivyokwenda unaweza kudhani ni karne nzima imepita. Simu ya kwanza yenye mfumo huo, T-Mobile G1 iliyotengenezwa na HTC, iliuzwa Marekani mwezi Oktoba 2008. Sisi wa kando ya ziwa hiyo ilituhusu nini? Haikutuhusu. Kilichotuhusu ni mwaka 2011, pale Safaricom ya Kenya ilipoanza kuuza simu ndogo ya Huawei iitwayo IDEOS kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya. Ilikuwa Android ya toleo la 2.2, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa megabaiti 256, kiasi ambacho leo hata kitochi cha maana kitakicheka. Mpaka wa Sirari hauko mbali na sisi, na kitu kikishaota miguu Migori hakikawii kuonekana Tarime, kisha Musoma.

IDEOS nimeitaja kwa makusudi. Kuirudishia faili rasmi hakukuhitaji kompyuta. Unachukua memori kadi, unatengeneza folda iitwayo dload, ndani yake unaweka faili moja liitwalo UPDATA.APP. Unairudisha kadi kwenye simu, unabonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja wakati wa kuwasha, unaacha simu ijisomee na kujiponya. Fikiria maana yake kwa mtu wa Butiama. Hospitali nzima imeingia kwenye kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mtu akija nayo kutoka mjini kwa gari la abiria, akishuka Makutano na kupanda pikipiki, dawa imefika kijijini.

Na kwa nini ije kwa gari la abiria wakati intaneti ipo? Siyo siri, hapo ndipo penye utamu wa historia hii. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na magazeti yaliandika kwamba sasa dunia iko mlangoni. Lakini mlango wa Dar es Salaam na mlango wa Butiama si mlango mmoja. Hebu tupige hesabu. Chukua faili la megabaiti 500, la kawaida kabisa kwa simu za miaka ile. Kwenye mtandao wa zamani unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde utahitaji sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11, ikiwa hautakatika hata mara moja. Na ukikatika kwenye asilimia 97 unaanza upya, bando limekwenda. Ukiwa mahali penye mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, faili lile lile linakuja kwa dakika 33 hivi. Kwa hiyo faili lilivutwa mara moja, na mtu mmoja, mahali penye mtandao wa nguvu, na baada ya hapo lilisafiri kwa mikono: fleshi hadi fleshi, kadi hadi kadi, diski hadi diski.

Ndivyo diski ya fundi ilivyogeuka kuwa ghala la nyaraka. Fungua folda zake uone: aina ya simu, namba ya toleo, tarehe, na pengine neno la onyo ameandika mwenyewe, "hii inaua kioo". Hakuna aliyemwajiri kutunza vitu hivyo. Makampuni mengi hayakuyaweka mafaili yao mahali pa wazi ambapo mwenye simu angeweza kuyachukua. Google walifanya hivyo kwa simu zao za Nexus, lakini niambie kweli, Nexus ngapi umeziona Bunda? Tecno na itel, simu zilizojaa mikononi mwetu, ni za kampuni ya Transsion ya China, na kampuni hiyo ina vituo vyake vya huduma kwa jina la Carlcare. Vituo hivyo havipo kila wilaya. Faili rasmi likabaki siri ya ofisi, na nakala yake ikabaki kwa mtu ambaye ofisi haimtambui. Hata chombo cha kazi kilikuwa hivyo hivyo. Odin, programu ya kompyuta ya kupandikizia faili simu za Samsung, ilikuwa ya matumizi ya ndani ya Samsung wenyewe. Ilivuja, ikazunguka dunia, ikatua Mukendo.

Sasa tukae kidogo mezani, maana hapa ndipo maarifa yalipo.

Samsung ya miaka ile unaizima, unashika kitufe cha kupunguza sauti, kitufe cha katikati na cha kuwashia kwa pamoja. Linatokea onyo, unakubali kwa kitufe cha kuongeza sauti, simu inakaa kwenye hali ya kupokea. Unaichomeka kwenye kompyuta, na Odin akiiona anawasha kisanduku kidogo cha rangi. Kabla ya kuandika chochote anakagua kama faili halina kasoro, kwa kulinganisha alama ya hesabu iliyofungwa mwishoni mwake. Kisha anaandika sehemu moja moja. Fundi mwenye akili huwa ameshahakikisha betri ya kompyuta imejaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, simu iliyokuwa mgonjwa inaweza kuwa maiti.

Simu za Kichina zenye chipu ya MediaTek zina utaratibu mwingine. Zenyewe husikiliza kwa sekunde chache tu zinapochomekwa zikiwa zimezimwa. Chombo chake ni SP Flash Tool, na faili lake huja na karatasi ya ramani, maandishi yanayoonyesha kila sehemu ya kumbukumbu inaanzia wapi. Bila ramani huendi popote. Na ramani ya jirani haifai: simu mbili zenye jina moja mgongoni zinaweza kuwa na vioo vya viwanda viwili tofauti, ukapandikiza faili vizuri kabisa, simu ikawaka na kuonyesha weupe mtupu. Ndipo unapolielewa lile onyo la fundi kwenye folda.

Chombo hicho kina maneno matatu ya kuchagua. La kwanza linapandikiza tu. La pili linaboresha. La tatu linafuta kila kitu kwanza, na hilo la tatu ndilo lililoleta balaa, kwa sababu linafuta hata sehemu ndogo inayohifadhi IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu kwa mtandao. Simu inapona, inawaka, inacheza muziki, lakini haijui tena jina lake.

Kabla sijaeleza ubaya wa kupoteza jina, kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Mtu analeta mezani Galaxy yake iliyoganda. Mgongoni imeandikwa Samsung, kavani imeandikwa Samsung, bei aliyolipa ni ya Samsung. Fundi anaichomeka. Odin kimya. Anabadilisha waya, kimya. Mwisho kompyuta inasema kilichochomekwa ni kifaa cha MediaTek, na aina ile ya Galaxy haikuwahi kutengenezwa na chipu hiyo. Hapo fundi anajua, na mwenye simu anajua kwa kumtazama fundi usoni. Simu feki inaweza kupiga, kupokea na kupiga picha miezi mingi bila mtu kushtuka. Siku ya kurudishwa kwao ndiyo inagundulika kwamba haina kwao. Hakuna ofisi yoyote duniani yenye faili lake rasmi. Ajabu ya mambo, mkaguzi wa kwanza wa uhalali wa simu katika wilaya zetu alikuwa huyu huyu fundi asiyetambulika, miaka kabla ya Serikali kuanza ukaguzi wake.

Na Serikali ilianza. Kenya walizima simu feki mwishoni mwa Septemba 2012. Kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitangaza kwamba usiku wa manane wa tarehe 16 Juni 2016 simu zisizo halali zitafungiwa. Wananchi waliambiwa wabonyeze *#06#, wachukue namba zitakazotokea, wazitume kwenda 15090. Jibu lilitaja aina ya simu yako kama ilivyo kwenye kumbukumbu za dunia. Wako walioshika simu yenye jina kubwa wakajibiwa jina jingine kabisa.

Sasa urudi kwenye lile chaguo la tatu. Kabla ya Juni 2016 simu yenye IMEI iliyofutika ilikuwa usumbufu. Baada ya hapo ilikuwa mgombea wa kaburi. Na hapa fundi aliwekwa kwenye kona mbaya. Kompyuta inayoweza kuirudishia simu namba yake halali, ile iliyochapwa kwenye karatasi chini ya betri, inaweza pia kuipa namba ya simu nyingine. Kidole ni kile kile, kitufe ni kile kile. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inafanya kuchezea utambulisho wa simu kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo kati ya tabibu na mhalifu palibaki karatasi moja ya nusu sentimita, ambayo jasho la mfukoni huifuta. Neno "kuchakachua", lililovuma kwa mafuta ya magari na modemu miaka ile ya 2010, likawa linamwandama hata yule aliyekuwa akirudisha kitu mahali pake. Sisemi mafundi wote walikuwa malaika. Nasema sheria iliandikwa kama vile ukarabati wa halali hauwezi kufanyika nje ya ofisi, wakati Bunda ofisi yenyewe ni meza ya stendi.

Makampuni nayo yalikuwa yanakaza. Mwaka 2013 Samsung walileta Knox, na ndani yake alama isiyofutika: ukiwahi kupandikiza kitu kisicho rasmi, simu itakumbuka maisha yake yote. Mwaka 2015, pamoja na Android 5.1, ikaja kufuli ya akaunti. Zamani kufuta simu yote kulimaanisha imezaliwa upya; sasa, ukifuta bila kuondoa akaunti kwanza, simu iliyozaliwa upya inauliza jina la aliyekuwa nayo na neno lake la siri. Wezi waliumia, na hilo ni jema. Aliyenunua simu ya mkononi kwa mtu sokoni, kwa haki, akapewa bila akaunti kuondolewa, aliumia vile vile. Baadaye simu nyingi zikakataa hata kurudi nyuma: ukishapanda toleo jipya, faili rasmi la zamani linakataliwa mlangoni, ingawa limetiwa sahihi na kampuni ile ile.

Na tusidanganyane kwamba "rasmi" maana yake ni safi. Mwezi Agosti 2020 wachunguzi wa Secure-D walitoa taarifa kwamba simu za Tecno W2 katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini, zilikuwa na programu hasidi za Triada na xHelper tangu kabla hazijamfikia mnunuzi, zikijaribu kumuunganisha mtu na huduma za kulipia bila ridhaa yake. Kampuni ilisema kosa lilikuwa la mtu wa kati kwenye safari ya simu kutoka kiwandani. Inawezekana. Lakini kwa mwenye simu, kilichokuja kwenye boksi ndicho rasmi chake.

Nizungumze na waandishi wenzangu kidogo, kwani wengi wetu hatuna kompyuta. Hadithi zetu tunaziandika kwenye simu, kwa dole gumba, usiku, watu wamelala. Kurudisha faili rasmi kwa kawaida hufuta vilivyomo: picha, majina, na ile sura ya nne uliyoipata baada ya wiki mbili za kuhangaika. Chaguo la kwanza, lile la kupandikiza tu, mara nyingine linaweza kuacha vitu vyako salama kama sehemu yake haikuguswa. La tatu haliachi kitu. Swali la fundi, "kuna kitu unahitaji humu?", linaulizwa haraka haraka, foleni ni ndefu, na wengi hujibu "hapana, we flashi tu". Watafiti wa fasihi ya kizazi chetu wataitafuta miswada na hawataiona. Wa zamani waliacha karatasi, hata zikiwa zimeliwa. Sisi tumeacha simu zilizopona.

Tulilolishika mwanzoni sasa tulirudie. Chukua IDEOS ile ya 2011, imekaa kabatini, imeganda kwenye nembo. Faili lake bado lipo kwenye diski ya mtu. Unaliweka kwenye memori kadi, folda dload, unabonyeza vitufe, unasubiri. Inawaka. Rangi zake ni zile zile, mlio wake ni ule ule, tarehe yake ni ya kuzaliwa kwake. Kitabu cha 1963 kinasomeka. Je, na hii? Inakuuliza akaunti ya Google, na Google tangu tarehe 27 Septemba 2021 hawaruhusu tena kuingia kwa simu za toleo la 2.3.7 kushuka chini. WhatsApp walishaziacha simu hizo tangu tarehe 1 Februari 2020, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba watakubali toleo la 5.0 na kuendelea tu. Kurasa nyingi za intaneti hazifunguki, maana vyeti vya usalama ambavyo simu inaviamini vimekwisha muda. Fundi amemaliza kazi yake bila kasoro hata moja, faili ni rasmi, toleo ni sahihi, na simu imerudi nyumbani ikakuta nyumba imehamishwa.

Lakini weka laini, inapiga. Bonyeza kamera, inapiga picha. Chomeka waya wa masikioni, ambao kwa simu hizi ndio antena, fungua redio, tafuta polepole. Ukiwa Bunda utaipata Mazingira FM.